Nguzo zisizogusa udongo: shajara ya mfano wa kanisa la Borgund

14 Januari

Naanza leo. Mfano wa kanisa la Borgund kwa kipimo cha 1 kwa 20, mbao tupu, mifupa yake yote bila msumari wa chuma na bila tone la gundi. Kazi za wateja ziko palepale asubuhi. Huu ni mradi wa baada ya alasiri, na wa Jumapili kama hakuna kitanda cha bi harusi kinachodaiwa.

Borgund ni kanisa la kijiji katika bonde la Lærdal, magharibi mwa Norwei. Miti yake ilikatwa majira ya baridi ya 1180 kuingia 1181. Waliolipima walihesabu pete za ukuaji ndani ya mbao zenyewe, hawakubahatisha. Makanisa ya aina hii Wanorwei huyaita stavkirke, na stav kwao ni nguzo. Kwa hiyo kanisa la nguzo, sitahangaika kutafuta jina jingine. Zamani yalikuwa mamia kwa mamia, na wapo wanaokisia kuwa yalipita elfu moja. Leo yamebaki 28.

Mpwa wangu, muuguzi huko Bergen, ndiye aliyeniletea kalenda yenye picha yake. Paa juu ya paa juu ya paa, jeusi tii, na kwenye ncha za juu vichwa vya majoka vimenyoosha shingo kama tezi na omo za jahazi lisilo na bahari. Mwaka wa kalenda ukaisha, kalenda haikushuka ukutani. Majoka hayo ndiyo ninayoyataka. Naandika hapa wazi ili siku nyingine nijicheke.

18 Januari

Mbao. Borgund ni msonobari, nami nimenunua msonobari wa Mafinga, kwa kuwa ndio uliopo. Lakini msonobari na msonobari si ndugu. Ule wa Norwei ulikua taratibu kwenye baridi, pete zake zimebanana, na wajenzi walitumia kiini chake chenye utomvu. Huu wangu umepandwa shambani, umekua mbio, pete zake pana kama mistari ya daftari la mtoto, na umefika kwa muuzaji ungali na maji. Nimechagua vipande sita vilivyonyooka kati ya arobaini, muuza mbao akinitazama kama mtu anayechagua embe kwa kuzibonyeza zote. Nimevipanga darini juu ya vijiti vikauke.

Jirani yangu mama lishe kaona michoro ukutani. "Fundi, ubatizo lini?" Nimemwambia nangoja asimamie mapishi.

27 Januari

Wiki nzima imepotea na sina wa kumlaumu. Picha za karibu alizonitumia mpwa si za Borgund. Ni za Fantoft, kanisa lililo hapo hapo Bergen anapokaa. Nimeligundua nilipoanza kuhesabu mbao za ukutani, hesabu zikakataa kulingana na mchoro.

Kosa lenyewe lina sababu. Fantoft lilikuwa kanisa la Fortun, likahamishiwa Bergen mwaka 1883, na lilipotengenezwa upya sura yake ya nje ilifuatishwa ya Borgund. Kisha tarehe 6 Juni 1992 likachomwa moto na mtu kwa makusudi, likajengwa tena, kazi ikaisha 1997. Kwa hiyo nilikuwa naiga nakala ya nakala, tena yenye umri mdogo kuliko mpwa wangu. Mbao zake kwenye picha zilikuwa safi mno, ningepaswa kushtuka mapema.

Mpwa kaomba radhi kwa sauti ya kilomita elfu kadhaa: "Anko, mimi yote naona meusi tu." Kaahidi kwenda Borgund kwenyewe akipata mapumziko.

2 Februari

Leo nimeanza mifupa na nimeanza vibaya.

Nilifanya kama tunavyofanya nyumba ya miti huku kwetu: nikachukua ubao mnene wa kitako, nikatoboa mashimo, nikasimamisha nguzo ndani yake. Ziligangamaa vizuri. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaziangalia, nikafurahi, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi nikautazama tena mchoro wa pande, ule wa mkato, na kikombe kikanibaki mkononi. Kwenye mchoro hakuna nguzo hata moja inayoingia chini. Hakuna kitu chochote cha mti kinachogusa udongo.

Nikatafuta habari zaidi, na hapo ndipo mradi ulipogeuka. Kumbe kabla ya makanisa kama Borgund, watu haohao walijenga kama mimi: nguzo zilichimbiwa ardhini. Chini ya sakafu ya kanisa la Urnes, lile lililowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, wachimbaji walikuta mashimo ya nguzo za kanisa lililotangulia. Mashimo tu. Nguzo iliyofukiwa huoza pale pale usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa hukutana. Juu mti mzima, chini mti mzima, katikati unga. Kila mtu wa pwani aliyewahi kubadilisha nguzo ya kibanda anaijua sehemu hiyo, nasi tuna mchwa juu yake. Makanisa ya nguzo za kuchimbiwa yaliisha yote. Yaliyobaki ni ya wale walioinua mti juu ya mawe.

Nimeng'oa nguzo zangu zote. Ubao wenye mashimo nimempa kijana wangu wa karakana ageuze meza ya kuchezea bao.

9 Februari

Boriti za chini. Nitaeleza kwa kirefu, maana ndizo kanisa lenyewe, mengine ni mavazi.

Kwanza mawe. Nimetumia vipande vya matumbawe vilivyobaki kwenye kazi ya ukuta wa jirani, nimevisugua viwe na uso wa juu bapa. Juu ya mawe hulala boriti nne nene, mbili za urefu na mbili za upana, zikikatana kama alama ya #. Hazikutani kwenye ncha: zinapishana, na ncha zinatokeza nje kila upande kama mikono. Kwenye njia panda kila boriti imekatwa nusu, mwenziwe nusu, zikakaa usawa mmoja.

Kwenye njia panda hizo na kando yake ndipo nguzo kubwa za ndani husimama, na ndizo hubeba paa la juu. Kwenye ncha zilizotokeza ndipo hulala boriti za kuta za pembeni. Sasa fikiri uzito unavyoshuka: paa la juu linakandamiza boriti karibu na katikati, kuta za pembeni zinazikandamiza nchani. Boriti haina nafasi ya kunyanyuka upande wowote. Nilipoweka uzito wa kujaribia, mfuko wa misumari katikati na mafungu ya mawe nchani, fremu ilitulia hata mbao moja iliyokuwa na mkunjo ikanyooka.

Nguzo za pembe za ukuta zina unyayo wa ajabu. Chini zimechongwa mdomo, unaipanda njia panda ya boriti na kuikumbatia kama mtoto anavyokaa mabegani kwa baba yake, mguu huku mguu huku. Haziwezi kuteleza kwenda popote. Kuchonga mdomo mmoja kumenichukua jioni mbili, na wa kwanza nilipasua.

13 Februari

Hakuna kazi leo. Vitanda viwili na kabati la mteja mwenye simu nyingi.

16 Februari

Kuta. Huku kwetu ukuta wa mbao hupigiliwa kwenye fremu. Borgund ukuta wenyewe ni sehemu ya fremu. Boriti ya chini ina mfereji mgongoni, boriti ya juu ina mfereji tumboni, nguzo za pembe zina mifereji ubavuni, na mbao nene za wima zinaingia humo kama droo. Kila ubao nao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unamshika mwenziwe. Ukishaishusha boriti ya juu, hakuna ubao unaoweza kutoka bila kuinua paa.

Tatizo la fundi: ubao wa mwisho. Ukikata sawasawa, ukuta unalegea mbao zikikauka zaidi, na zangu bado zinakauka. Nimechonga ubao mmoja kwa kila ukuta uwe kabari, mwembamba chini mpana juu, nikaugonga taratibu kabla ya boriti ya juu. Ukuta ukalia mara moja kisha ukanyamaza.

Jambo limenisumbua usiku. Ule mfereji wa boriti ya chini unatazama juu. Mvua ikiteremka ukutani itaingia mle na kukaa. Mtu aliyejua kuinua nguzo kutoka ardhini angewezaje kujitengenezea bakuli la maji miguuni mwa ukuta? Nimeliacha swali hapa.

22 Februari

Mpwa kafika Borgund. Kutoka Bergen kaendesha gari, akapita handaki la Lærdal, kilomita 24.5 chini ya mlima, lililofunguliwa mwaka 2000. Anasema ndani yake kuna sehemu zenye taa za buluu ili madereva wasisinzie. Sasa ndio nina picha za kweli, zaidi ya mia mbili, na ujumbe wa sauti kumi na moja.

Sauti ya tatu: "Anko, nimeshika ukuta, mkono wangu mweusi." Ni lami ya msonobari, utomvu unaokamuliwa kwa moto kutoka kwenye mashina na mizizi. Hupakwa upya kila baada ya miaka kadhaa, na bila hiyo kanisa lisingefika kwetu.

Sauti ya saba: "Anko, ndani giza. Hamna viti." Kweli. Mwanga wa asili ni wa matundu madogo ya duara juu kabisa chini ya paa. Viti, roshani na madirisha makubwa vilivyoongezwa karne za baadaye vilitolewa lilipokarabatiwa karne ya 19, na Zama za Kati waumini walisimama. Mimi kama mtengeneza viti sina maoni.

Sauti ya tisa nimeisikiliza mara nyingi. Amesimama mlango wa magharibi anasomewa na mwongozaji maandishi ya runi, herufi za kale za huko, yaliyokwaruzwa kwa kisu. Mtu anayeitwa Thorir aliandika kuwa amezichonga jioni ya sikukuu ya Mtakatifu Olav alipopita hapo, na kwamba Norni, wale wanawake wa imani ya kale wanaopanga majaliwa ya watu, wamefanya mema na mabaya, na kwake yeye wameleta taabu kubwa. Mlangoni mwa kanisa! Kwingine mtu mwingine kachora Ave Maria. Marehemu baba yangu alikuwa akiandika kwa penseli ndani ya fremu ya mlango, upande unaoenda ukutani, bei aliyodhulumiwa. Nimechukua penseli nikaandika chini ya boriti ya kaskazini. Sitasema nini.

1 Machi

Nguzo za ndani zimesimama, 12, zinazozunguka chumba cha kati kilichoinuka. Hizi si za ukutani. Zinasimama huru, na kati yake na ukuta kuna njia nyembamba ya kupita.

Halafu nikakuta kosa la mchoro. Kila upande mrefu, kusini na kaskazini, katikati kuna nguzo moja inayoanzia juu kama wenzake lakini haifiki sakafuni. Inaishia hewani. Nikadhani mchoraji kasahau kuimalizia, nikaichonga nzima nikaisimamisha. Picha za mpwa zikanikatalia. Nguzo kweli haifiki chini. Inakalia mhimili wa kulala unaopita kati ya jirani zake wawili, na chini yake ni uwazi.

Sababu ni mlango wa kusini. Nguzo ingefika chini ingesimama mbele ya mtu anayeingia. Kwa hiyo waliikata, uzito wake ukagawanywa kwa majirani, na upande wa kaskazini wakafanya vivyo hivyo ili pande zifanane. Nimekaa nikiiangalia muda mrefu. Ukitaka kukata nguzo ya nyumba, lazima kwanza uwe na hakika kuwa nyumba haiitegemei nguzo hiyo bali inategemea namna nguzo zote zilivyofungwa pamoja. Wale hawakuwa wakikisia.

Nimeikata yangu kwa msumeno mwembamba. Mkono ulitetemeka kidogo, si haba.

8 Machi

Koleo, misalaba na magoti.

Nguzo zikiwa zimesimama, ukisukuma kichwa cha mojawapo kwa kidole fremu yote inayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo. Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, mihimili ya kulala miwili miwili, mmoja ndani ya nguzo mmoja nje, inayozibana katikati. Wanorwei wenyewe wanaiita kwa jina la koleo, na ndivyo ilivyo. Pili, kati ya koleo la juu na la chini huingia misalaba ya Andrea, ile ya umbo la X, ambayo huko Borgund imechongwa majani mikononi na kama jua katikati. Kanisa lenyewe liliwekwa chini ya jina la Mtume Andrea, ila fundi angeweka X hata kama mtakatifu angekuwa mwingine. Tatu, kwenye kila kona ya nguzo na mhimili kuna goti, kipande kilichopinda.

Magoti ndiyo yalinitoa jasho. Nilikata ya kwanza kwenye ubao wa kawaida kwa msumeno wa kupinda, yakavunjika matatu kwa mpigo, maana nyuzi za mti zinakatika pale kwenye mkunjo. Nikachukua picha nikashuka ufukweni kwa mzee mmoja aliyeunda majahazi tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi wa makabati."

Nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, kitu sikujua anakiweza. "Haya si mataruma haya? Tena yamepatikana, hayajakatwa." Maana yake: taruma, ubavu wa jahazi, halitengenezwi, hutafutwa. Unazunguka msituni na kiolezo, unatafuta tawi lililokwisha kupinda vile unavyotaka, nyuzi zake zikifuata mkunjo kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hivyo ndivyo walivyofanya Wanorwei: magoti yao yalichukuliwa pale shina linapogeuka kuwa mzizi.

"Hawa watu ni wa baharini," mzee akasema, akanirudishia simu kana kwamba kesi imekwisha.

Nusu nakubali, nusu sikubali. Wengi hupenda kusema kanisa la nguzo ni mashua iliyopinduliwa. Mashua zao zilikuwa mbao zilizopandiana na kukazwa kwa ribiti za chuma, na kuta za Borgund hazina hata chembe ya ufundi huo: mbao zimesimama wima, zimeumana kwa ulimi. Aliyejenga huenda alijua mashua, lakini hakujenga mashua. Goti tu ndilo goti.

Nimepunguza mpera wa nyuma ya nyumba. Mke wangu kahesabu matawi.

15 Machi

Magoti ya mpera yote yameingia, vigingi vya mti vimepigwa. Nimesukuma kichwa cha nguzo kwa kidole, kisha kwa kiganja. Imekataa. Kijana wangu kauliza kama anaweza kuikalia. Hapana.

Kenchi za paa ni za mkasi: vipande viwili vya paa, na vingine viwili vinavyopishana katikati kutoka chini ya upande huu kwenda juu ya upande ule. Hazina boriti ya kulala inayokatiza chini, kwa hiyo ukiwa sakafuni macho yanapanda hadi gizani bila kugonga kitu. Kwa fundi wa paa za bati, kenchi hii ni kazi ya kawaida. Jioni moja zimeisha.

23 Machi

Vigae vya mbao. Nakata, nachonga ncha, napanga, nakata. Hakuna la kusimulia. Nimefikia elfu mbili na sijamaliza paa la tatu.

Kazi ya mikono isiyo na akili huleta mawazo. Nimekuwa nikiwaza kwa nini yamebaki 28 tu. Tauni kubwa ilipofika Norwei mwaka 1349 ilimaliza watu vijijini, na ujenzi wa makanisa haya ukakoma. Mengi yaliyosalia yalianguka karne ya 19, na safari hii hayakuozeshwa na maji. Sheria ya mwaka 1851 ilitaka kila kanisa litoshe sehemu tatu kwa kumi za waumini wake, na haya yalikuwa madogo. Yakavunjwa. Mchoraji J. C. Dahl, Mnorwei aliyeishi Dresden, alikwisha kuchapisha michoro ya makanisa haya mwaka 1837 akijaribu kuwaamsha watu wake. Kanisa la Vang liliponadiwa alihangaika mpaka mfalme wa Prussia akalinunua. Likafunguliwa kipande kipande, leo limesimama Karpacz, Poland. Ndiyo faida ya vigingi: jengo lililofungwa kwa maungio hufunguka.

Borgund lilinusurika kwa bahati ya kiwanja. Walijenga kanisa jipya kando yake mwaka 1868, la zamani wakaliacha. Mwaka 1877 likanunuliwa na Fortidsminneforeningen, chama cha kuhifadhi majengo ya kale kilichoanzishwa 1844, Dahl akiwa mmoja wa waliokianzisha. Ni lao hadi leo.

Vigae mia sita zaidi.

30 Machi

Jibu la swali la 16 Februari limekuja lenyewe nilipokuwa nikijenga baraza.

Sikuipa maanani. Kwenye mchoro ni ukumbi mwembamba wenye paa la chini, unazunguka kanisa lote nje, una nguzo fupi na matao madogo. Nilidhani ni mahali pa watu kukaa kabla ya ibada, kama baraza zetu, na bila shaka walikaa. Lakini nilipoliweka paa lake nikainama kutazama usawa wa macho, nikaona linakofika. Linafunika kuta za kanisa hadi chini. Ule mfereji ulioniudhi, unaotazama juu, mvua haiufikii. Maji hutoka paa la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu, la tatu hadi la baraza, kisha huanguka mbali na mawe. Kinachonyeshewa ni baraza, na baraza ni kitu chepesi. Ikioza unabadilisha ubao wa baraza, kanisa halijui.

Mapaa yale yote niliyoyapenda kwenye kalenda, nikidhani ni mbwembwe.

6 Aprili

Rangi, na aibu. Lami ya msonobari sikuipata. Nilijaribu lami ya barabara iliyoyeyushwa kwa petroli: ikang'aa kama kiatu cha polisi na ikaziba michoro yote ya mlango wa magharibi, wiki mbili za patasi ndogo. Nimeikwangua kwa kucha na wembe. Kisha mzee wa ufukweni akanipa sifa, mafuta ya papa wanayopaka majahazi. Nikaichanganya na masizi. Rangi ni yenyewe hasa, nyeusi yenye wekundu ndani. Harufu ni habari nyingine. Paka wa mtaa mzima wamelala mlangoni kwangu usiku wa pili huu, na mteja wa kabati kasema atakuja kulichukua litakapopigwa upepo.

Majoka nimechonga leo asubuhi, yote manne. Saa tatu kazi imekwisha. Mazuri, sikatai.

13 Aprili

Masika yameanza. Nimetoa mfano nje juu ya meza, si chini ya dari, nikaufunika kwa mfuko wa nailoni. Halafu nikautoa mfuko.

Imenyesha saa nzima, mvua ya kweli ya Aprili yenye upepo wa kusi. Kijana wangu kashika mwavuli, hakuelewa kwa nini namzuia asiufunike. Maji yalishuka paa kwa paa kama nilivyotarajia na kumwagika nje ya mawe. Ilipokatika nimefungua paa la baraza, nikapitisha karatasi ya shashi kwenye mifereji yote ya boriti za chini. Kusini kavu. Kaskazini kavu. Mashariki, chini ya apsi, kile kijichumba cha mviringo mwishoni mwa kanisa, unyevu kidogo, pale nilipopanga vigae kwa haraka nikiwa nimechoka.

Magharibi, chini ya mlango, mmelowa. Karatasi imetoka imejaa maji. Kwenye makanisa haya boriti ya chini hupita nzima chini ya mlango, mtu anaivuka kwa hatua ndefu. Mimi kule niliichonga chini kidogo ili mlango uonekane mzuri, na maji yamepata njia.

Kesho nafungua ukuta wa magharibi. Vigingi kumi na vinne, boriti ya juu, mbao tisa, na ile kabari. Boriti mpya nimekwisha kuikata, iko darini inakauka.